Mwenye Mikorosho Aliyeshika Kamba ya Ngamia

Umande haujakauka kwenye mikorosho ya Bi Hafidha Harithi, na njia nyembamba inayokatiza shamba lake imejaa ngamia. Ni watatu tu, lakini njia yenyewe ni ya kupita mtu na baiskeli yake.

Wawili wa nyuma wamezibwa midomo kwa vikapu vilivyosukwa kwa vipande vya mipira ya ndani ya baiskeli. Kamba zao ameshika Linus Ildefonsi, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na mitatu, aliyevaa koti la mvua katika mwezi wa Agosti usio na tone la mvua. Wa mbele ni jike kubwa lenye mimba pevu. Mdomo wake uko wazi, na kuanzia puani hadi chini ya taya amepakwa dawa ya manjano, mpaka anaonekana kama bibi harusi aliyesingwa nusu, kisha wasingaji wakaitwa kula.

Kamba ya huyu wa mbele haikushikwa na Linus. Imeshikwa na Bi Hafidha mwenyewe, mwenye shamba, mjane wa miaka sitini na mmoja, amejifunga khanga kiunoni, ndala miguuni.

"Kichwa juu, weye," anamwambia ngamia. "Chako kiko mbele. Hiki cha watu."

Ngamia anatupa jicho kwenye tawi lililochanua. Bi Hafidha anaikaza kamba. Nyuma yao Linus ameacha kupumua, na hataanza tena hadi tawi lile lipite.

Kutoka zizini kwa Linus hadi mwisho wa mikorosho ni hatua mia sita. Amezihesabu mara nyingi. Mkutano wa kitongoji chao cha Mtondooni, kata ya Chiola, wilayani Nachingwea, ulishakata shauri tangu mwezi Juni kwamba mdomo wa ngamia ukigusa mkorosho wa mtu mara nyingine, wanyama wote waondoke ndani ya siku saba. Wa kuondoka ni pamoja na huyu mwenye mimba, ambaye akipandishwa kwenye lori sasa, anaweza kuitupa mimba njiani.

"Watu wanadhani nachunga ngamia," anasema Linus. "Mimi nachunga midomo."

Mwandishi wa makala haya alipomuuliza kwa nini asihamishie zizi huko porini wanakokula, aliinua mkono akaonyesha msitu ulioanzia pale mikorosho inapoishia. Kule kuna mbung'o, alisema. Inzi hao wakimwuma ngamia, anakonda akiwa anakula, na mwenye mimba humwaga mimba. Kwa hiyo wanyama hulala nyumbani, kwenye moshi wa kinyesi kikavu kinachofuka mchana na usiku, na hupelekwa malishoni alfajiri, wakati baridi bado imewakalia mbung'o mbawani. Saa nne asubuhi, jua likianza kuchoma, lazima wawe wamerudi. Mchana wanakatiwa matawi na kuletewa.

Ndiyo maana hatua zile mia sita hazina njia ya kuzikwepa. Upande wa pili wa zizi ni korongo, na ngamia na korongo hawapatani.

Linus hakuzaliwa mfugaji. Baba yake, marehemu mzee Ildefonsi, alikuwa Mmakua mwenye jembe na ekari tatu za muhogo na ufuta hapo hapo Mtondooni. Mwaka alioaga nyumbani, Linus alikuwa na miaka ishirini na nane na ndoto moja kichwani: Mirerani. Vijana waliotangulia walikuwa wamerudi na simu mbili mbili, wakisimulia mawe ya buluu yanayomtajirisha mtu kwa asubuhi moja.

Alichimba miezi kumi na minne. Jiwe hakuliona. Alichokiona ni vumbi, njaa, na siku moja Mmasai mmoja wa Simanjiro aliyekuwa akitafuta mtu wa kumchungia ngamia kwa sababu wanawe wote walikuwa shuleni.

"Nilimwambia najua ngamia," anasema Linus na kucheka. "Nilikuwa sijamwona hata mmoja. Siku ya kwanza nikaenda kumwamsha kwa fimbo. Aliniangalia, akanitapikia majani usoni. Yule mzee akasema, sawa, sasa mmefahamiana."

Alikaa kwa mzee huyo miaka kumi na mmoja. Ujira wake ulikuwa chakula, nguo, fedha kidogo za mkononi, na kila baada ya miaka mitatu ndama mmoja jike wa kwake. Dume alipewa siku ya kuaga, kama zawadi. Akawapakia wanne kwenye lori lililokuwa likienda kusini kufuata mbao, akakaa nao nyuma siku tatu, akiwaombea kwenye kila tuta.

Yule jike mkubwa alimwita Tanzanaiti. "Ndiyo tanzanaiti pekee niliyoipata," anaeleza, na haoni aibu yoyote.

Kituo cha kwanza hakikuwa Chiola bali Mandawa, wilayani Ruangwa, kwa wakwe zake. Mkewe Goreti alikuwa amerudi kwao na watoto kumsubiri, na Linus aliona ni heshima kuanzia ukweni. Heshima hiyo ilidumu mvua moja. Udongo wa huko ukilowa huteleza kama sabuni, na wayo wa ngamia ni laini, umeumbwa kwa mchanga. Jike wake wa tatu aliteleza asubuhi moja, miguu ya nyuma ikapanuka kila mmoja upande wake, nyonga ikaachia. Hakusimama tena. Ikabidi achinjwe pale pale.

"Kule Simanjiro mvua ikinyesha tunawafunga miguu ya nyuma kwa kamba fupi, isipanuke," anasema. "Nalijua hilo. Lakini mvua ya kule ni wiki mbili. Nikasema hii nayo itapita. Ilinyesha miezi mitano. Ule uzembe ni wangu, simsingizii mtu."

Nyama ikagawiwa kijiji kizima, na siku hiyo, Goreti anakumbuka, hakuna aliyewasema vibaya ngamia. Wazee wa msikitini walifika kumwangalia mnyama waliyemsoma kwenye Kurani tangu utotoni, wakala, wakamsifu. Wiki iliyofuata Tanzanaiti akaingia kwenye ufuta wa jirani, na sifa zikaishia hapo. Kisha mbung'o wakafanya kazi yao. Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi minane.

Wakahamia Mtondooni, kwenye kiwanja cha marehemu baba. Linus alirudi kijijini alikozaliwa na kukuta amepewa kabila jipya. Kwa kuwa ana mifugo, na wafugaji waliowahi kupita huko walikuwa Wamang'ati na ng'ombe wao, basi naye ni Mmang'ati. Watoto wa watu aliosoma nao darasa moja walimwita hivyo hadharani, na wazazi wao wakacheka.

Tangu alishe ngamia wake mwenyewe ni miaka miwili na nusu, na katika muda wote huo hajauza hata kikombe kimoja cha maziwa. Kaskazi, yule jike mdogo, bado hajapandwa. Tanzanaiti hana ndama, na ngamia asiye na ndama hashushi maziwa. Kinacholisha nyumba ni mgongo wa dume, anayeitwa Dingi, kwa kubeba miti ya kujengea na mapipa ya maji kwenye shughuli. Wiki nzuri inaingiza shilingi elfu ishirini. Wiki mbaya Goreti anauza vitumbua peke yake.

"Nilimwambia mke wangu atakunywa maziwa mpaka ayakimbie," anasema Linus. "Mpaka leo anakunywa chai ya rangi. Hajawahi kunisuta. Ndiyo inaniuma zaidi."

Mimba ya sasa, kwa hiyo, si ya ngamia tu. Imebeba kila kitu walichonacho. Ngamia hubeba mimba miezi kumi na mitatu, na mwezi Juni mwaka huu Tanzanaiti alikuwa ameshafika wa kumi alipochomoka kwenye kamba, akaingia kwa Bi Hafidha na kufyeka mikorosho kumi na mmoja. Hakula majani makavu. Alichagua vichipukizi laini, vile vyenye kuleta maua.

Bi Hafidha hakupiga kelele. Alivunja tawi moja lililotafunwa, akalibeba hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Imrani, akaliweka mezani.

"Hii ilikuwa karo ya mjukuu wangu," alimwambia. "Sasa iko tumboni kwa ngamia. Nambie nikaidai wapi."

Ndipo likatoka lile sharti la siku saba. Linus aliliona ni la haki, na mpaka leo anasema hivyo. Mkorosho hauoti ukakua kwa msimu, na hapa mtu asiye na mikorosho ni kama hana chochote.

Akapiga moyo konde. Dawa, aliona, ni kuziba midomo. Goreti, anayejua ukili tangu kwao Mandawa, alisuka vifuniko vitatu vya milala, vizuri kabisa, na kwenye kile cha Tanzanaiti akatia na ua jekundu. Asubuhi ya kwanza msafara ulipita salama hatua mia mbili. Linus alipogeuka, Tanzanaiti alikuwa amekishika kifuniko cha Dingi kwa ulimi kupitia matundu ya chake, akikivuta ukili mmoja mmoja. Hadi wanafika porini, kila mmoja alikuwa amemla mwenzake mdomo.

"Nimefanya kazi siku tatu," anasema Goreti, "wao wamemaliza kwa nusu saa. Na ua wamekula."

Mipira ya baiskeli ndiyo iliyomaliza ubishi. Ngamia hali mpira. Linus alikwenda Ruangwa mjini kwa siku moja, akazunguka kwa mafundi baiskeli wote, akarudi na gunia la mipira mibovu waliyokuwa wakiitupa. Kwa wiki saba hakuna tawi lililoguswa.

Kisha likaja jambo ambalo hakulitarajia. Mpira unashika joto. Chini ya kifuniko jasho halikauki, na kwenye ngozi iliyolowa Tanzanaiti akaota upele. Ulianzia puani, ukashuka kwenye taya, ngozi ikawa nene na kupasuka. Akaacha kula. Ngamia wa mimba ya miezi kumi na miwili, nundu imelegea, na hali kitu.

Linus alikimbilia kwa ofisa mifugo, kijana mpole aliyekuja na pikipiki, akamzunguka mnyama mara mbili, akakuna kichwa.

"Kaka, ingekuwa ng'ombe ningeshamaliza," alisema kwa ukweli. "Ngamia nimemsoma chuoni kurasa nne, na mtihani haukumuuliza. Sindano ipo, lakini kwa mimba hii na kipimo nisichokijua, sitaki kukudanganya. Kwanza mvue huo mpira."

Kumvua mpira ni kumfungua mdomo. Linus aliingia ndani akakaa kitandani na viatu vyake. Goreti anasema hajawahi kumwona mumewe hivyo, hata siku ile ya nyonga.

Jioni akampigia simu yule mzee wa Simanjiro. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: huko kwenu hakuna salfa? Kwao, alisema, upele wa ngamia hupakwa unga wa salfa uliokorogwa kwa mafuta, siku moja moja kwa kupishanisha, wiki tatu. Mafuta ya ufuta yakipatikana ni mazuri kuliko yote, ila kwao ni ghali.

Linus alianza kucheka, akacheka hadi machozi. Alikuwa amesimama katikati ya nchi ya salfa. Mwezi huo kila shamba la korosho lilikuwa likipuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga, ukungu unaokausha maua ya mikorosho, hewa yote inanuka, hata nguo zilizoanikwa zilikuwa za manjano. Ufuta ndio huo umejaa magunia sebuleni kwa watu. Miaka kumi na mmoja alikuwa amechunga mbali, na dawa ilikuwa nyumbani kwao.

Ila haikuwa ya kwake. Salfa hugawiwa kwa wakulima walioandikwa kwenye daftari la korosho, kwa idadi ya miti. Linus hana hata mti mmoja. Jirani wa karibu mwenye mfuko uliobaki alikuwa Bi Hafidha.

Alikwenda asubuhi, akasimama uani kofia mkononi. Bi Hafidha alikuwa akichambua mbaazi, hakumkaribisha kukaa.

"Shikamoo, Mama Saada," alimwamkia kwa jina la bintiye.

"Marahaba. Kimekula tena?"

"Hapana, mama. Anaumwa." Akamweleza yote, hata lile la kumvua mpira. Hakuficha kitu.

Bi Hafidha alimaliza kuchambua mbaazi za kwenye ungo.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "unataka salfa ya mikorosho yangu, ukampake yule aliyeila, ili apite kwangu mdomo wazi."

"Ndiyo hivyo, mama."

"Angalau huzunguki." Alisukuma ungo pembeni. "Salfa nitakupa. Mafuta usinunue, ninayo. Lakini kamba ya huyo mwenye tumbo nashika mie. Weye una mikono miwili na ngamia watatu, hapo ndipo shetani anapopita. Akila, ale nikimwona."

Hivyo ndivyo mwanamke aliyekuwa mshitaki akawa mchungaji. Siku ya kwanza aliogopa hata kivuli cha mnyama, akaishika kamba mbali kama anayeshika nyoka. Linus alimfundisha kukaa upande wa kushoto, karibu na shingo, na kuinua kamba kabla mnyama hajainamisha kichwa, si baada. Siku ya tano alikuwa akimsema ngamia kama anavyosema wajukuu. Siku ya kumi ndiye aliyekuwa anapaka dawa, akikoroga kwa kijiko cha mti, na Linus akiambiwa kazi yake ni kushika taa na kunyamaza.

Ngozi ilianza kulainika. Nywele zikarudi puani. Tanzanaiti akala, na nundu yake iliyokuwa imelegea ikaanza kusimama.

Mwishoni mwa Septemba Bwana Imrani aliitisha mkutano kulitazama upya lile sharti la Juni. Korosho zilikuwa zimeshika vizuri, msimu umekaribia, na watu walifika na nyuso za amani. Linus alikaa benchi la mwisho na Goreti. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

Mambo yalianza kwa wepesi. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye malalamiko tangu Juni. Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza mara ya pili.

Bi Hafidha akasimama.

"Mie nina neno. Yule ngamia ameuma mkorosho wangu."

Benchi zima liligeuka kumtazama Linus. Yeye hakuwa na habari. Alimtazama Goreti, Goreti naye macho yamemtoka.

"Siku ya kumi na nane," aliendelea Bi Hafidha. "Saada alinipigia simu toka Dar. Nikapokea. Nikasimama niongee, na simu ya mtoto haiongewi kwa haraka. Nageuka, tawi liko mdomoni. Tawi moja, na maua yake. Siku hiyo Linus ndiye aliyetangulia na wale wawili, keshageuza kona, hakuona. Nami sikumwambia."

"Sasa kwa nini unasema leo?" aliuliza Bwana Imrani, ambaye alionekana kama mtu aliyeletewa mzigo wakati anafunga duka.

"Kwa sababu Juni nilisema. Nilisema mkanisikiliza, mkatoa sharti. Nikinyamaza leo, basi Juni nilikuwa namwonea."

Mkulima mmoja, Bonifasi, mwenye miti zaidi ya mia mbili, alisimama. Hakuwa na hasira, alisema tu kilichokuwa vichwani mwa wengi. Sharti ni sharti. Walikubaliana mdomo ukigusa, siku saba. Hawakusema ukigusa kidogo. Wakilegeza leo kwa ngamia, kesho atakuja mwenye ng'ombe mia, naye atataka alegezewe.

Watu wakaitikia. Linus anasema dakika hiyo alishaanza kuhesabu kichwani lori atalipata wapi, na kama Tanzanaiti akilazwa juu ya magunia ya pumba anaweza kufika popote na mimba yake.

"Bonifasi amesema kweli," alijibu Bi Hafidha. Alikuwa bado amesimama. "Sharti lifuatwe. Lakini mlifuate vizuri. Mti ni wangu, mdomo wa mnyama wa Linus, na kamba ilikuwa mkononi mwangu mie. Aliyemwachia ngamia ni mie. Kama ni kuondoka siku saba, tutaondoka wote. Nyumba yangu ya matofali, sijui nitaibebaje, labda huyo Dingi anisaidie."

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikaenea. Bonifasi mwenyewe alijaribu kukaza uso, akashindwa. Bwana Imrani aligonga meza, akagonga tena.

Mjadala uliendelea saa nzima zaidi, na haukuwa wa kuchekesha wote. Mwishowe mkutano uliliondoa lile neno la kufukuza, ukaweka neno la kamba: kila ngamia apitaye kwenye mikorosho ashikwe na mtu mzima, mtu mmoja kwa ngamia mmoja, na kikiliwa kitu, awajibike aliyeshika kamba. Bonifasi alitaka liandikwe siku hiyo hiyo na kusainiwa. Likaandikwa. Linus alisaini, Goreti akasaini, na Bi Hafidha, asiyeandika, akaweka dole gumba kama mshika kamba wa tatu.

Nje, Linus alimfuata akataka kumshukuru.

"Usinililie hapa," Bi Hafidha alimkatiza. "Na ule mti uje unifidie kwa kunilimia palizi. Usidhani nimesahau."

Siku tano baadaye, saa nane mchana, Tanzanaiti alipiga magoti zizini, akainuka, akapiga magoti tena. Linus alifukuza kila mtu isipokuwa Goreti. Ndama alitoka miguu kwanza, mrefu, mwembamba, ameloa. Ilimchukua saa moja na nusu kusimama, akianguka na kuinuka, na kila alipoanguka Goreti alishika kinywa.

Alikuwa dume. Jike ndiye anayekuza mifugo, na Linus hajifichi kwamba aliomba jike. "Lakini maziwa hayaulizi ndama ni nani," anasema. "Na mwenye kuzaa dume atazaa na jike. Mimi nasubiri tu miezi mingine kumi na mitatu, nimeshazoea."

Leo asubuhi ndama ana siku kumi na mbili. Anaachiwa anyonye kwanza, maziwa yashuke, kisha Linus anamsogeza kwa goti. Anasimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja na kuuegemeza kwenye goti la ule aliosimamia, bakuli juu ya paja, mikono yote miwili kazini. Chuchu mbili anakamua, mbili ni za ndama, na hazigusi hata akibakiza bakuli nusu. Goreti yuko pembeni na kikombe. Anapiga funda la kwanza, anafikiri kidogo.

"Yana chumvi," anasema.

"Yanakuwaga hivyo."

Anakunywa yote na kukinyoosha kikombe aongezewe. Linus anaugeuza uso kwa ngamia, na anachukua muda mrefu kidogo kumaliza kukamua.

Ndama akizoea, Linus anatarajia lita tatu kwa siku. Amezungumza na mama lishe mmoja wa Nachingwea mjini aliyekubali kujaribu lita mbili kila siku, kwa shilingi elfu tatu lita moja. Si utajiri, lakini kwa nyumba iliyoishi kwa mgongo wa Dingi na vitumbua vya Goreti, ni mara mbili ya wiki nzuri. Kaskazi atapandwa mwaka huu. Mvua zikianza, kamba fupi za miguu ya nyuma zitafungwa siku hiyo hiyo ya kwanza, hata kama ni manyunyu.

Jambo jingine ameshalianza. Nyuma ya nyumba, kwenye nusu ekari ya marehemu baba yake, kuna mashimo arobaini yaliyopangwa kwa kamba, yamejazwa samadi ya ngamia na kusubiri mvua. Ameomba miche arobaini ya mikorosho. Sababu anayoitoa kwanza ni salfa: akiwa na miti ataandikwa kwenye daftari, na upele ukirudi hatakwenda tena kusimama uani kwa mtu na kofia mkononi.

Anaulizwa kama haoni wazimu kupanda mikorosho hatua thelathini kutoka zizi la ngamia. Anaweka bakuli chini, anajifuta mikono kwenye koti lake.

"Watakula mmoja, najua. Na siku hiyo nitavunja tawi nilipeleke kwa mwenyekiti, nijishitaki mwenyewe, nilipe," anasema. "Mimi nimekaa benchi la mwisho, nimeona. Pale mkutanoni husikilizwi kwa unachofuga. Unasikilizwa kwa kile ambacho mwenzako anaweza kukuharibia. Nataka na mimi niwe nacho."